Mjomba Alipolipiga Teke Ghala la Mbata

Jumapili, Msambweni. Mvua imekata tangu adhuhuri, na jua limetoka kama halina habari na tulivyohangaika wiki nzima.

Leo nimeshusha pumzi.

Nyumba yetu zamani ilikuwa ghala la mbata. Babu yake mama aliijenga ahifadhi nazi kavu alizonunua mashambani, ndiyo maana ni ndefu, na mlango wake unapitisha magunia. Kiunzi ni miti ya mkoko: nguzo zimesimama, mitambaapanya imelala juu yake, fito zimefungwa katikati, kisha ukakandikwa udongo. Mama alizaliwa humu. Sasa macho yake yamefifia, lakini hushika nguzo kwa nguzo mpaka jikoni bila kumwita mtu.

Juzi ukuta wa mbele ulipasuka. Mjomba Bakari, mdogo wake mama, ambaye kwetu Wadigo neno lake halipingwi, akatoa hukumu: nyumba ibomolewe, mama ahamie kwangu Ukunda, kwenye chumba changu cha kupanga. Nami nilikubali, maana kila mvua iliponyesha niliwaza paa likimwangukia mama.

Leo mjomba amepitia hapa akielekea harusini, na kanzu yake nyeupe pe, atuonyeshe jinsi nyumba ilivyooza. Akaupiga ukuta teke.

Ukamporomokea.

Ulianguka udongo wote wa upande ule, pamoja na plasta ya saruji aliyoipaka mwenyewe ili nyumba ipendeze. Saruji ilikuwa imefungia unyevu ndani, udongo ukalainika. Lakini nguzo zilibaki wima, na paa halikutikisika hata kuti moja. Kumbe ukuta haukubeba kitu. Nilizichoma nguzo kwa kisu, nikakuta moja tu imelika chini. Nyingine zote kisu hakikuingia.

Mama akauliza kutoka mkekani, “Bakari, umepona?”

“Nimepona, dada.”

“Alhamdulillahi. Na nyumba imepona. Haya, vua hiyo kanzu ukakande udongo.”

Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Mjomba hataki tena kusikia habari ya kubomoa. Majirani watakuja kukandika, na saruji haitaugusa ukuta tena.

Chumba cha Ukunda nitakirudisha kwa mwenyewe. Kazini Diani nitakwenda na kurudi kutoka hapa. Hivi kwa nini muda wote huu nilidhani wa kuhama ni mama?