Mkadam na posa ya "Mrusi"

Muzamil, shemeji yangu Mkadam katutia aibu leo, wallahi!

Kijana wa Uzbekistani kaja kumposa Ghanima. Mkadam hata kahawa hakummiminia. "Binti yangu simpi Mrusi!"

"Uzbekistani si Urusi, ami."

"Baridi ni ileile! Enzi za Wasovieti misikiti mliifanya maghala, dini mtaijulia wapi?"

Kijana kwa adabu: "Bibi zetu walitusomesha majumbani. Kwetu Bukhara."

"Bukhara ndiyo wapi?"

Bukhara ndiyo wapi! Mtu anayetukemea kutwa kwa hadithi za Imamu Bukhari!

Dada yangu Zuleha akapiga ukelele jikoni: "Baba Ghanima, ukimrudisha huyu, na Imamu wako umrudishe, ni wa kwao!"

Mkadam kakohoa weee. Eti, "Nilikuwa nakujaribu tu, mwanangu."

Mwanangu! Ghanima kashaolewa huyo.