Fundi Bomba Kaja Mara ya Nne

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, pasheni moto. Nguo ziko kambani, zianueni kabla ya mvua. Bomba la jikoni limepona, msiliguse!

Sasa msicheke. Jana tukitazama ile filamu ya mwana wa mfalme aliyeficha taji akawa mtunza bustani, apate wa kumpenda yeye mwenyewe, mlinitania: "Mama, wako anakuja lini?" Haya, kaja leo asubuhi na spana mkononi. Ndiyo, fundi bomba, yule yule, mara ya nne mwezi huu. Nikamkalia kooni: "Fundi gani wewe, nati moja inakushinda?"

Jasho likamtoka. "Nisamehe, bibie. Mara mbili za kwanza niliiacha imelegea makusudi, uniite tena. Mara ya tatu nikaona haya, nikaikaza kabisa. Leo sijui imelegeaje."

Nilicheka mpaka nikakalia ndoo! Taji hana, ana kofia yenye madoa ya rangi, na kanialika chai. Nimekwenda. Dada mkubwa, hereni zako nimeziazima bila ruhusa, nuna ukitaka.

~~Nitarudi saa sita.~~ Nitarudi nikirudi.

Ila hili msimwambie. Nilingoja wiki nzima, hata tone halidondoki. Jana mlipokwenda dukani nikachukua spana ya marehemu baba yenu, nikailegeza ile nati mwenyewe.

Mama yenu