Kwa Nini Nawra Hakurudi Ibra

Nizwa, 3 Oktoba 2004

Ndugu yangu Khalaf,

Asalaam aleikum. Kabla sijakuuliza hali yako na ya shemeji Wadha, natanguliza nililokuficha miaka tisa: Nawra, farasi wenu, hayuko Uingereza. Hayuko popote. Natumai nyote mu wazima huko Ibra. Mimi moyo umechoka, na daktari haniambii tena nirudi lini.

Juzi mwanao Luay alinipigia simu. Alisema ameshakata tikiti, Alkhamisi anakwenda kumrudisha Nawra, akaniuliza jina la shamba alipo. Nikamjibu nitalitafuta. Akacheka, akanitania kwamba ami yake kazeeka hata shamba zima limempotea.

Hakuna shamba, Khalaf. Yule mtoto niliyekwambia Nawra kamzaa nilimbuni mimi, kukutuliza, Idi ile ulipokataa kukimbia ardha, mbio zetu za farasi wawili na wapandaji kushikana mikono, na mtu mwengine. Ulisema farasi wawili hawaendi bega kwa bega kama hawajakua pamoja, na mkono wako umezoea kushikwa na Luay akiwa juu ya Nawra.

Unakumbuka ulivyotutuma, mimi na Muhanna mtunza farasi wako, tumpeleke kwenye maonyesho Uingereza. Wakati wa kurudi, daktari wa mifugo wa kule alisema damu yake ina shaka ya maradhi. Kiingereza nilikijua mimi peke yangu. Muhanna alimwachia kilemba chake cha masari bandani, apate harufu ya nyumbani, akapanda ndege analia. Alipokwambia kwamba sheria imemzuia Nawra asitoke, alisema alichosikia kwangu. Amekufa akikiamini. Usimlaumu kaburini.

Mzuie Luay asisafiri. Mwambie wewe, mimi sauti haitanitoka. Nisalimie Wadha, na mniombee.

Kabla sijatia sahihi, limebaki moja. Daktari yule alisema kipimo huenda kimekosea. Tungoje cha pili, mwezi mmoja, na mtu wetu abaki naye. Muhanna alikuwa tayari kulala bandani. Lakini bila wa kumfasiria asingeweza, ingebidi nibaki na mimi, na Jumamosi nilikuwa nangojwa ofisini kupewa cheo. Nikamwambia Muhanna daktari amekataa. Nikamwambia daktari hatuna wa kubaki. Nikatia sahihi Nawra auliwe, nikawahi ndege.

Kaka yako,
Marhoun