Dervla Amebaki na Mlima

Glencarra,
Kaunti ya Mayo.
15 Juni 1987

Kondoo hawauzwi tena! Dervla wangu ndiye mwenye kundi sasa, na asiyeamini aje aone.

Mpendwa mdogo wangu Attracta,

Haya, sasa nikusalimu kama watu. Hujambo huko Manchester? Na kifua cha Gerard je? Sisi wazima, ila goti la shemeji yako Malachy limegoma kabisa kupanda mlima.

Goti hilo nusura lituuzie kondoo. Malachy alishapatana na jirani yetu Festy awachukue wote siku ya kuwashusha, awapake alama yake ya rangi ya buluu juu ya nyekundu yetu, awahamishie ng'ambo ya bonde. Nililia, Attracta. Kondoo wale wamefundishwa mlima na mama zao, tangu enzi za babu yake Malachy. Uzio hakuna, na kila mmoja anajua pake. Wengine wa hivyo utawanunua wapi?

Dervla akasema, "Baba, nitawashusha mimi. Nikimwacha hata mmoja juu, wauze."

Festy akacheka. "Mwache binti apunge upepo, mzee. Kopo langu la rangi naliacha hapa getini."

Walipofika juu, yeye na wanaume wa bonde waliofuata kondoo wao, ukaanguka ukungu mzito kama uji. Wanaume wakazidisha miluzi na kutuma mbwa, kondoo wao wakatawanyika ovyo. Mwanangu, maana akili kairithi kwetu, akamfunga mbwa wake kamba, akanyamaza, akawatanguliza majike wazee, yeye akafuata mikia. Wale njia ya kushuka wanaijua hata uwafunge macho. Mimi getini nikasikia kwato kabla sijaona kitu. Wote, dada, na wana wao! Festy alirudi na nusu ya wake.

Akalitazama kopo lake. "Sasa rangi hii nipake nini?"

"Kapake mlango wako," nikamwambia, "umechakaa."

Malachy alichechemea hadi bandani, akatoka na kopo la rangi yetu nyekundu, akamtia Dervla mkononi.

Wasimulie hao wa kanisani kwenu wanaojisifia watoto wa maofisini.

Wasalimie Gerard, Una na Colm. Mungu awafunike kwa mkono wake. Dervla anasema bila mama mdogo hakati manyoya, na mkate wa magadi nitaoka mwenyewe.

Akupendaye tangu tukigombania blanketi moja,
dada yako Nóirín

Manyoya yanakatwa Jumamosi, tarehe 4 Julai. Njooni nyote.