Barua Uliyojibu kwa Niaba Yangu

Suna, Migori
Julai 6, 1998

Kaka Mwakio,

Mwezi wa Machi nilipoteza kampuni ya filamu iliyokuwa tayari kuisoma hadithi yangu yote, na nimejua Ijumaa iliyopita. Miezi minne nimekaa hapa nikiilaumu posta, kumbe posta ilifanya kazi yake.

Sasa salamu, maana hata nikiwa na hasira sijasahau nilivyolelewa. Mguu wa Mama unaendeleaje? Zile mvua ziliwaachia chochote shambani huko Wundanyi? Mimi mzima. Ukumbi wangu wa video uko wazi siku sita kwa wiki, viti arobaini, na mabenchi mawili niliyoyapigilia misumari mwenyewe. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujashika kalamu nyekundu.

Hadithi unaijua: mwanamke wa Homa Bay ambaye mashua yake imezingirwa na magugu maji, haiendi wala hairudi. Kurasa mia moja na kumi na mbili, nimezipiga chapa kwa vidole viwili. Usichojua ni jinsi nilivyozitafuta kampuni. Hapa hakuna wa kumuuliza. Basi nikaamua kuyachukua majina ya kampuni yanayopita mwishoni mwa kanda. Ochola, anayeniendeshea mashine, amezoea kuzima kanda adui akishaanguka tu, ili watu watoke wengine waingie. Nikamwambia aache majina yapite.

"Madam, watu wataleta fujo. Hakuna mtu analipa kiingilio asome majina."

"Wacha yapite, Ochola. Dakika tatu."

Nikasimama karibu na televisheni na daftari na tochi. Fundi baiskeli mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama Video, hao wote ni mashemeji zako?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikaandika. Wiki tisa, kampuni thelathini na moja. Ishirini ni za ng'ambo, zikabaki kumi na moja za Nairobi. Kitabu cha simu cha hapa kimechanwachanwa, kwa hiyo nikaenda posta ya Homa Bay, nikanakili kwa saa mbili nikiwa nimesimama. Karani akaniuliza, "Mama, si ubebe tu hiyo kitabu uende nayo?" Nikapata anwani tisa. Nikatuma barua tisa, kila moja na muhtasari wa hadithi.

Anwani ya kujibiwa nikaweka sanduku lako la shule. Hapo ndipo nilipokosea. Katika orodha ya kungojea sanduku hapa mimi ni wa sitini na saba, na zako hunifikia kwa sanduku la kuazima, lakini hiyo si sababu yote. Sisi tumekua tukijua kwamba anwani ya mtu ni ya kwao, hata akikaa ugenini miaka kumi. Kwingine amepanga tu.

Majibu matatu ulinitumia, nakushukuru. Wawili walikataa. Wa tatu alinieleza kwa adabu kwamba filamu wanazouza wao ni za eksirei, za kupigia picha mifupa hospitalini. Kila barua ilinifikia ndani ya wiki mbili. Kaka, hebu tazama: zote tatu ni za hapana.

Ijumaa nikaanza kuwapigia simu wale sita waliobaki kimya. Kwa wa nne, msichana wa ofisi akashangaa. "Wewe ndiye Mghoi? Tulikuandikia Machi tukiomba hadithi yote. Si tuliambiwa umeacha kuandika?"

"Na nani?"

"Kaka yako, mwalimu mkuu. Barua iko hapa, ina muhuri wa shule."

Akanisomea. Uliwaandikia kwamba dada yako ameachana na mambo ya sinema, anarudi nyumbani kumtunza Mama, na wasimsumbue tena. Nikamwambia mwandishi ni mimi, niko Suna, sijaacha kitu. Akaniambia, "Dada, mimi nakuamini. Lakini bosi anasema hataki kuingia ugomvi wa nyumba ya watu. Aliyeandika ndiye aandike tena. Nafasi yako iko mpaka mwisho wa mwezi."

Sasa nifanyeje? Nikija kuufuata muhuri wako, nitakuwa nimefunga ukumbi na kurudi nyumbani, na barua yako itakuwa imesema kweli. Nikinyamaza, pia itakuwa imesema kweli. Nikipiga kelele, Mama yuko chini ya paa lako, na barua zangu ni wewe unayemsomea. Zake kwangu ni wewe unayeziandika. Jana usiku nilizitoa zote nikazipanga. Tangu Machi zimekuja tano, na zote tano zinaisha kwa maneno yaleyale: rudi mwanangu, inatosha. Kabla ya Machi hakuwahi kusema hivyo hata mara moja. Sijui tena ni ipi sauti ya Mama na ipi yako.

Kama mzigo wa kumtunza umekuelemea, ungeniambia mimi. Ningekusikiliza. Wao uliwaandikia ya nini?

Ninachotaka ni mistari mitatu. Kwamba mwandishi ni dada yako, kwamba hajaacha, na kwamba barua ya Machi haikutoka kwake. Ipige muhuri uleule. Kutoka Wundanyi hadi Nairobi ni siku nne, ukijumlisha na uzembe, sita. Ukiitia posta ifikapo tarehe ishirini, itawahi.

Msalimie Wifi Mkamburi, ambaye najua hakuhusika, na mjomba wetu fundi saa. Karatasi ya pili ni ya Mama. Msomee yote, hata pale ninaposema sirudi mwaka huu.

Barua hii itakufikia Jumatatu. Jumatano, tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi wakati wa mapumziko ya watoto, nitapiga simu ya shule. Usinieleze habari za mvua. Nitauliza neno moja nawe unijibu kwa neno moja: umeandika, au hujaandika?

Dada yako, aliyekukabidhi anwani yake,
Mghoi