Mashimo ya Bondeni

Likasi, mtaa wa Panda

Mdogo wangu Ramadhani,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, si kitandani, kwani uliniandikia kwamba goti limevimba tena. Je, dawa ya mama mkwe wako imesaidia? Mimi mwili hauna neno. Nyumba tu ndiyo kimya. Majirani ni watu wema, Wakatoliki. Lakini Jumapili wote huenda kanisani, na ua mzima hubaki na mimi na kuku wao. Nimekuwa nikiwasalimu wale kuku.

Nieleze sasa jambo linalonizuia kuja Kasongo kwenye ndoa ya mwanangu Zaina.

Unajua niliajiriwa kuwa karani wa wale wanaopima njia ya kuleta maji mjini kutoka chemchemi za mlimani. Njia ni mbili. Mfereji ukichimbwa ubavuni mwa mlima, itakatwa miti ambayo chini yake watu huokota viwavi vya kula, na mvua itauteremsha udongo. Bomba likifukiwa bondeni, handaki lake litalikausha bonde. Kazi yetu ni kuandika kila njia itaharibu nini.

Bondeni tulikuta mashimo mengi ya mviringo, yamejaa maji machafu, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza. Kijiji kizima kilikuwa matangani. Katika nchi hii ukiona shimo, unafikiri shaba. Nikaandika kwa mkono wangu: «Ardhi iliyokwisha kuharibiwa na wachimbaji.» Kwa sentensi hiyo bomba likashinda.

Ijumaa iliyopita nilipita pale peke yangu, nikawakuta wanawake wameinama kwenye mashimo yale. Nikamwuliza mmoja, Mama Ngoie, kama bado wanapata shaba. Walicheka hadi nikaona haya.

«Ingiza mukono, muzee!» akasema. «Utatosha mukuba yako!»

Kwao mukuba ni shaba, na kutosha ni kutoa. Nikaingiza. Nikatoa muhogo, laini, unaonuka.

«Tunauweka humu siku tatu, ine, uchungu inatoka,» akasema. «Bila hii maji, bukari tutapika na nini? Na majiwe?»

Bukari ndiyo ugali wao wa muhogo. Mwenzake akadakia: «Muache, ni mutu ya biro, ya ofisi. Anajua bukari kwenye sahani tu.»

Nilirudi kwa mhandisi wetu, nikamwambia tumekosea. Akavua miwani.

«Mwalimu, karatasi inaondoka Jumatatu. Tukianza tena, ni majuma matatu. Na ndoa ya mtoto wako?»

«Sahihi iliyo chini ni yangu,» nikamjibu.

«Basi nitaizuia karatasi. Lakini weye ndiye utakwenda kuuliza kila nyumba. Mimi wale wamama watanicheka.»

Hivyo ndivyo ninavyofanya sasa: nahesabu mashimo, naandika jina la kila mwenye shimo. Tunapima pia njia ya tatu, kando ya barabara ya zamani. Ni ndefu, na itahitaji pampu, nayo pia ina madhara yake. Sijui ipi itachaguliwa. Huenda wakachagua bonde vilevile, lakini wachague wakijua.

Jioni napika bukari kidogo na kula nimeelekea ukuta. Jana nilijikuta nikisema «karibu», na hakuna aliyekuwepo.

Ramadhani, kwa barua hii nakupa uwakala wa kumwozesha binti yangu Zaina kwa mchumba tuliyemkubali. Isome mbele ya shekhe na mashahidi wawili. Uvae kanzu yangu nyeupe, mke wangu anajua ilipo.

Msalimie yeye kwanza. Najua amekasirika, na ana haki. Msalimie shangazi yetu Mwajuma, na kaka yetu mkubwa, fundi Saidi. Zaina akiuliza kwa nini baba yake hakuja, usimwambie kwamba ni kazi. Mwambie niliandika uongo bila kujua, kisha nikajua.

Ni mimi kaka yako, ninayekutegemea siku hiyo,

Mwalimu Athumani