Mgeni Katika Sikio la Baba

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha vitimbi, sasa unapanda ngazi bila kuzitukana. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia. Dada kazini amehamishiwa wodi ya wazazi, na kila jioni anarudi miguu imevimba. Mimi nimepata kazi ya kuhariri vitabu vya kiada, kazi ambayo Baba anaiita kulipwa kwa ubishi.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu ilhali simu ipo. Kila nikikupigia Baba huwa karibu, na siku hizi Baba hayuko peke yake. Nitakueleza.

Vile visaidizi vya kusikia ulivyomnunulia vilimrudisha duniani. Unamjua kaka yako: mkalimani wa mahakama, mtu aliyekula kwa masikio yake hadi akastaafu. Tulianza tena kubishana mezani kuhusu siasa, kuhusu mpira, hata kuhusu namna ya kukunja shuka. Nimewahi kumshinda mara mbili tu, naye anakana zote mbili.

Mwezi uliopita vilinyamaza ghafla. Betri nzima, vifaa vizima. Kumbe vinaongozwa na programu iliyomo katika simu yake, na kampuni ilikuwa imeifunga kutoka hukohuko iliko. Ujumbe wao ulijaa adabu: huduma kwa toleo lako imefikia kikomo, tafadhali nunua jipya. Kisanduku chake bado ninacho, na juu yake wameandika kuwa vitadumu. Nimesoma mengi kuhusu biashara na maendeleo, Shangazi, lakini sijakutana na hoja inayoeleza jinsi mtu anavyoweza kukuuzia sikio kisha akabaki na ufunguo wake. Huo ni utapeli uliovaa tai.

Niliwaandikia kurasa tatu. Jibu lilifika kabla sijainua kikombe: "Asante kwa maoni yako. Tunakuthamini." Ilikuwa mashine. Nikaijibu, ikanishukuru tena. Sijapata kukutana na mpinzani anayeudhi kama yule anayekubaliana nawe.

Baba naye akawa anakubali kila kitu. Siku moja nilitoa kwa makusudi hoja ya kipuuzi, kwamba wakalimani wote wafukuzwe na kompyuta ikae mahakamani mahali pao. Akatabasamu, akasema, "Kweli kabisa, mwanangu." Niliondoka mezani asije akaniona uso.

Kisha asubuhi moja nikamkuta jikoni anapiga mluzi akifuatisha redio. Kampuni ilikuwa imempa njia ya pili, ya bure: akubali sauti zote zinazomzunguka zikusanywe ili wafundishie mashine zao. Akabonyeza "Nakubali". Niliyasoma masharti yale mpaka mwisho. Mazungumzo ya watu walio karibu yametajwa waziwazi, ila mbali sana ndani, mahali ambapo mtu mwenye shughuli zake hafiki.

"Baba, umeiuza meza yetu!"

"Kwa nani? Nani atakaa kumsikiliza mama yako akilalamikia bei ya gesi?"

"Wewe uliyekula kiapo cha kutunza siri za watu?"

Akagusa sikio lake. "Wewe hujawahi kuishi ndani ya mtungi," akasema. "Mimi nimeishi. Sirudi."

Nilijiona nimesalitiwa mara mbili: na watu wasionijua, na mtu aliyenifundisha kusoma kila mstari kabla ya kutia saini.

Dada alikuwa wa kwanza kufunga mdomo. Hawezi kusimulia habari za wagonjwa wake zikafika kwa watu wasiohusika. Yeye na Mama wakahamia kibarazani, mlango wameurudishia, wananong'ona. Mimi nikajifungia chumbani na miswada yangu. Baba akabaki na masikio mazima katika nyumba isiyosema kitu.

Juzi nilimkuta sebuleni amevivua vile vifaa. Akavipuliza, akavigonga kwa ukucha, akavivaa tena.

"Vimekufa tena hivi?" akaniuliza. "Mbona siwasikii?"

Nikavuta kiti. "Baba, ile hoja yako ya mtungi ni dhaifu sana."

Uso ukamkunjuka. "Dhaifu? Hebu keti vizuri, msomi, nikuoneshe dhaifu ni nini."

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Kampuni imesikia yote, yakiwemo maneno niliyowaelekezea wao, ambayo sitayarudia mbele yako.

Ombi langu ni hili: usinunue lile toleo lao jipya. Tafuta huko kifaa kisichohitaji simu wala ruhusa ya mtu, hata kama ni kikubwa kama kiatu. Baba amesema atakivaa, ila hatavua hivi hata siku moja kabla hicho hakijafika. Nimepinga kwa kila hoja niliyo nayo, naye hajatikisika. Kwa hiyo nitaendelea kubishana naye mbele yao. Heri wao wanisikie kuliko yeye asinisikie.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa Profesa. Mwambie mitihani ya darasa la tatu isimtie homa. Mama na Dada wanakusalimu sana. Baba anasema umpigie, tena useme kwa nguvu, ili kampuni nayo ijue ana dada mkali. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na majirani wanyamavu.

Wako akupendaye na kukuheshimu,
Mtoto wa kaka yako,
Mbishi